TEZI YA BATA SI TEZI YA MBUZI

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike juu ya jambo lolote la sayansi, mradi liwe kwa Kiswahili, nilimwambia nitaandika juu ya tezi ya bata. Alicheka hadi akashika mbavu. Basi na acheke. Tezi hiyo ilininyang'anya alama mbili, ikanipeleka kwa nyanya yangu kuomba msamaha, na hadi leo sijamaliza kuistaajabia.

Nianze na hizo alama. Jumamosi moja ya muhula wa kwanza, mwalimu wetu wa Baiolojia alinunua bata dume kutoka kwa nyanya ili sisi wa Chama cha Sayansi tumpasue. (Nyama aliibeba kwake jioni, msidhani ilitupwa.) Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepitia bucha hapa Kapkatet akaomba figo za mbuzi aliyechinjwa alfajiri, zikiwa bado zimefunikwa na mafuta yake. Mwenye bucha alimwuliza, "Mwalimu, leo unapika nini?" Kazi tuliyopewa ilikuwa moja tu: tafuta tezi za adrenali za mbuzi na za bata, zikate katikati, kisha chora unachokiona.

Tezi za adrenali ni zile tulizozitaja kwa haraka katika kidato cha pili, tulipofundishwa jinsi figo zinavyosawazisha maji na chumvi mwilini. Kila mwanafunzi alikariri kwamba aldosteroni hutoka kwenye tezi ya adrenali, akaandika, akapata alama, akasahau. Kwa binadamu ziko mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia. Udogo wake usikudanganye. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London alieleza wagonjwa waliodhoofika, ngozi zao zikabadilika rangi, hatimaye wakafa. Walipopasuliwa, tezi hizi zilikutwa zimeharibika. Mwaka uliofuata Brown-Séquard aliwaondolea wanyama tezi zote mbili, nao hawakuishi.

Ya mbuzi haikutusumbua. Unapapasa ndani ya mafuta karibu na figo, unakutana na kitu kigumu kidogo chenye umbo la harage. Ukikikata kwa wembe unaona rangi mbili waziwazi: ukingo wa hudhurungi kuzunguka pande zote, na katikati kiini chenye rangi iliyofifia. Ukingo huo ndio koteksi, na kiini ndicho medula. Ni kama embe lililokatwa pamoja na kokwa yake. Kitabu kinachora hivyo, na mbuzi naye anakubaliana na kitabu.

Kwa bata ilikuwa kazi. Figo za ndege hazining'inii peke yake kama za mbuzi. Zimelala zimejibana ndani ya mashimo ya mifupa ya kiuno, ndefu, zenye vipande vitatu vitatu. Ilitubidi tuondoe utumbo wote, tusogeze mapafu (ambayo nayo yamegandamana na mbavu, hata huwezi kuyang'oa bila kuyararua), ndipo tukaona korodani mbili nyeupe. Nyuma ya korodani, pale figo zinapoanzia, kando ya mshipa mkubwa wa damu, kulikuwa na vitu viwili vya manjano iliyoelekea rangi ya chungwa. Mimi nilidhani ni mafuta. Mwalimu akasema, "Hayo mafuta yako ndiyo tezi."

Nikakata. Nikatazama kwa lenzi ya mkono. Halafu nikafanya jambo ambalo najua wengi wenu mmewahi kulifanya: nikachora duara, nikachora duara jingine ndani yake, nikaandika "koteksi" na "medula" kwa mwandiko mzuri, nikapeleka daftari.

Mwalimu alilitazama kwa muda mrefu.

"Hiki kiini umekiona wapi?"

"Kimo kitabuni, mwalimu."

"Kitabu kilimpasua nani?"

"Mtu."

"Na huyu hapa mezani ni mtu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Akapiga mstari mwekundu, alama mbili zikaenda. Kwa kweli sikuwa nimeona kiini chochote. Tezi ya bata ilikuwa ya rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Nilichora nilichokuwa nakijua, na nilichokijua hakikuwamo.

Ila mwalimu hakuishia hapo. Alichukua chupa ya kloridi ya chuma kutoka kabatini. Akatuambia kuwa mwaka 1856 kule Paris, Alfred Vulpian alidondosha kemikali hii hii juu ya tezi za adrenali zilizokatwa, akaona sehemu ya ndani inageuka kijani, na sehemu ya nje haigeuki. Hakuna aliyejua wakati huo ni kitu gani kinachogeuka. Leo tunajua: ni adrenalini na ndugu yake noradrenalini, homoni zinazotengenezwa na medula. Adrenalini yenyewe ilikuja kutengwa ikiwa safi mwaka 1901 na Jokichi Takamine, Mjapani aliyefanya kazi Marekani.

Mwalimu akadondosha tone moja juu ya tezi ya mbuzi. Tukasubiri tukiwa tumesongamana vichwa. Kiini kikaanza kuwa kijani, ukingo ukabaki vilevile. Akadondosha tone jingine juu ya ya bata. Kijani kilitokea, lakini hafifu, tena kimetawanyika huku na huku kama madoa ya ukungu juu ya mkate. Hakukuwa na katikati wala pembeni. Rafiki yangu alisema, "Hii imekorogwa!" Nadhani hakuna kitabu kitakachoieleza vizuri kuliko hivyo.

Naam, imekorogwa. Kwa bata, kuku, bata mzinga na ndege wengine, tishu mbili za tezi hii hazikutengana. Tishu ya koteksi imejipanga kama kamba kamba zinazopindapinda, na baina ya kamba hizo kuna visiwa vya seli za medula. Seli za visiwa hivyo huitwa seli za kromafini, kwa kuwa zikitiwa chumvi za kromiamu hugeuka kahawia. Ukitaka kuviona visiwa kimoja kimoja lazima ukate kipande chembamba mno, ukipake rangi, ukiweke chini ya hadubini nzuri kuliko yetu. Sisi tuliona madoa, tukaridhika.

Sasa swali lililonikosesha usingizi: kwa nini zikorogeke? Jibu liko ndani ya yai, na ni hadithi ya wageni wawili wanaotoka pande mbili kuja kujenga nyumba moja.

Tishu ya kwanza, ile ya koteksi, ni mwenyeji. Inatokana na utando unaoyazunguka matumbo ya kiinitete, karibu kabisa na mahali korodani au ovari zinapoota. Ndiyo maana tezi yetu tuliikuta imejificha nyuma ya korodani. Ni majirani tangu mwanzo. Tishu ya pili ni mgeni kutoka mbali. Seli zake zinaanzia mgongoni, juu ya mrija ambao baadaye utakuwa ubongo na uti wa mgongo. Zinatoka pale, zinasafiri kwenda chini kupenya katikati ya tishu nyingine, na baadhi yake zinaishia kwenye tezi. Kwa maneno mengine, nusu ya tezi hii ni jamaa ya neva.

Mtu angejuaje kuwa seli fulani imetoka mgongoni, ilhali seli hazina kitambulisho? Hapo ndipo wanaingia kware. Wazazi wenu wanawakumbuka kware wa mwaka 2013 na 2014, watu walipowafuga kwa wazimu wakidhani mayai yake yatawatajirisha, kisha bei ikaporomoka. Kware hao hao walikuwa wameshafanya kazi ya maana zaidi. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin wa Ufaransa aligundua kuwa kiini cha seli ya kware kina donge ambalo seli ya kuku haina. Ukitia rangi, donge linaonekana. Basi akawa anachukua kipande cha mrija wa mgongo wa kiinitete cha kware na kukipandikiza mahali pale pale katika kiinitete cha kuku. Yai likafungwa, likaendelea kukua. Baadaye alipofungua tezi ya adrenali ya kifaranga huyo, alikuta humo seli zenye madonge ya kware. Alama ilikuwa imesafiri pamoja nazo! Yeye na wenzake walionyesha hata sehemu zinakotoka: kati ya jozi ya 18 na ya 24 ya vipingili vya mgongo.

Kwa mamalia kama mbuzi na sisi, wageni hao wanaingia hadi katikati, wanakaa pamoja, na mwenyeji anawazunguka. Kwa ndege wanaingia, wanajitawanya kila chumba, na wanabaki hivyo maisha yao yote. Bata anapoanguliwa tezi yake tayari imekorogwa, na anapokua haijitengi. Nilikuwa nikidhani kifaranga ana tezi "ambayo haijamaliza," kwamba akikomaa itakuwa kama ya mbuzi. Sivyo. Imekwisha kwa namna yake.

Si kwamba hakuna mpangilio wowote. Mwaka 1978 Pearce, Cronshaw na Holmes wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara walichunguza tezi ya bata, wakaeleza kuwa hata ile tishu ya koteksi ina sehemu mbili. Seli zilizo chini tu ya ngozi ya tezi hutengeneza hasa aldosteroni, ile ya chumvi. Zilizo ndani zaidi hutengeneza hasa kotikosteroni. Sisi binadamu homoni yetu kubwa ya upande huo ni kotiso. Kwa bata ni kotikosteroni.

Chumvi ina kisa chake. Bata ana tezi nyingine ndogo juu ya macho zinazoweza kutoa chumvi iliyozidi kwa kuidondosha puani. Mwaka 1961 Phillips, Holmes na Butler waliwaondolea bata tezi za adrenali kisha wakawapa chumvi. Pua hazikudondosha kama kawaida. Walipowapa homoni ya koteksi, zikadondosha tena. Kapkatet tuko mbali na bahari, bata wetu wanakunywa maji ya mvua na ya kijito, kwa hiyo kazi hiyo hatuioni. Kazi ninayotaka kueleza kwa kirefu ni hii ya kotikosteroni, kwa sababu ndiyo iliyoingia nyumbani kwetu.

Kifaranga anapokaribia kuanguliwa, kotikosteroni hupanda katika damu yake. Fikiria kazi anayoifanya: anatakiwa atoboe ganda, aanze kuvuta pumzi kwa mapafu, aanze kula. Homoni hii husaidia kukomaza mapafu na utumbo kwa ajili ya siku hiyo. Baadaye mwili unakimbia mbele. Bata wa Pekin huanguliwa akiwa na gramu 50 hivi, na akilishwa vizuri anaweza kufika kilo 3 wiki ya saba. Tezi nayo inaongezeka, lakini haiwezi kwenda mbio hizo, hivyo sehemu yake katika uzito wa mwili inapungua kadiri ndege anavyokua.

Katika wiki hizo za kukimbia, mwili unajenga nyama, mifupa na manyoya. Kotikosteroni kidogo ni ya lazima. Ikizidi, tena siku baada ya siku, hufanya kinyume: inavunja protini ili kupata sukari ya dharura, ukuaji unazorota, na vile viungo vinavyojenga kinga ya mwili wa ndege mchanga, kama thaimasi na kifuko cha Fabricius kilicho karibu na mkundu, vinasinyaa. Hans Selye aliandika mwaka 1936 kule Kanada kwamba panya waliosumbuliwa kwa njia mbalimbali, iwe baridi, iwe jeraha, iwe sumu, walipatwa na mambo yale yale: tezi za adrenali zikavimba, thaimasi zikasinyaa, matumbo yakapata vidonda. Adha zilikuwa tofauti, alama mwilini zilikuwa moja.

Na hapa ndipo mimi nina hatia.

Desemba iliyopita kuku wa nyanya aliangua vifaranga tisa wa bata. Ni wale bata wetu wa kawaida wenye ngozi nyekundu usoni, wasiolia "kwak" bali hupuliza tu kama nyoka. Asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mayai yao hukaa siku 35, na ya Pekin 28, ilhali kuku amezoea 21. Nyanya alimbembeleza yule kuku wiki mbili nzima za ziada. Bata hao walikuwa wauzwe wakikua, wamlipie dawa zake za presha.

Shule ilipofunguliwa Januari walikuwa na wiki tatu. Kwa kuwa mimi hutoka nyumbani kabla ya jua na kurudi jioni, nikaona niwalinde na mwewe kwa kuwatenga na mama yao wa kambo, nikawatia wote kwenye katoni moja stoo. Stoo yetu imepakana na mashine ya kusagia mahindi. Mashine ilinguruma mchana kutwa, mbwa alinusa mlangoni usiku kucha, na ile wiki ya pili ilinyesha mvua ya mawe, ninyi mnaijua ya huku kwetu, mabati yakapigwa kama ngoma. Kila nilipofungua mlango walirundikana pembeni wakipandiana. Nikafikiri ni utundu wa watoto. Katika siku kumi na mbili wakafa wanne. Waliosalia walikuwa wadogo, mabawa yanalegea.

Nyanya alisema, "Wameuawa na woga. Bata mdogo akiogopa kila siku hakui."

Nami, msomi wa kidato cha tatu, nikamjibu, "Nyanya, woga si ugonjwa." Hakunijibu. Aliinuka akaenda jikoni.

Jumamosi ile ya maabara, mwalimu alipokuwa akifuta kijani mezani, nilimwuliza kama bata anaweza kufa kwa woga. Hakucheka. Alichora ubaoni: jicho na sikio, kisha ubongo, kisha tezi ya pituitari chini ya ubongo, kisha homoni inayosafiri katika damu, kisha adrenali. Akasema seli za kromafini zinapata habari kwa neva, kwa nukta moja mbili tu, na bata anaruka. Zile za koteksi zinapata habari kwa damu, kwa dakika. Baadaye nilisoma kuwa wanaochunguza ndege wa porini hujitahidi kuchota damu kabla dakika 3 hazijaisha baada ya kumshika, kwa sababu wakichelewa watapima kotikosteroni iliyoletwa na mikono yao wenyewe.

Mashine ikinguruma mara moja, homoni inapanda, halafu inashuka, bata anaendelea kula. Mashine ikinguruma siku kumi na mbili, mbwa akawapo, nafasi ikawa hakuna, baridi ikaingia, hapo haina wakati wa kushuka. Mwalimu alinionya nisiseme nina hakika. Baridi peke yake inaweza kuua kifaranga ambaye manyoya yake mororo yamelowa, na maradhi yanaingia kwa urahisi kwenye katoni chafu. Wale wanne hatukuwapasua, niliwazika nyuma ya choo. Ni kweli. Lakini baridi, njaa, msongamano na woga vyote vinabisha mlango mmoja, na nyanya aliujua mlango huo bila kupasua bata hata mmoja.

Jioni hiyo nikaenda jikoni kwake. Nikamweleza habari ya tezi, ya visiwa na kamba, ya kware wa Ufaransa. Alisikiliza huku akigeuza mahindi motoni. Nilipomaliza nikasema, "Nyanya, nilikukosea." Akasema, "Kwa hiyo umetembea hadi shule ukarudi kuniambia nililokuambia." Kisha akanipa hindi.

Wale watano tuliwarudisha kwa kuku siku iyo hiyo, chini ya mti wa mparachichi upande wa pili wa boma, mbali na mashine. Tuliwajengea uzio wa fito kumzuia mbwa, na juu tukatandika wavu mkuukuu kwa ajili ya mwewe. Mmoja alikufa baadaye. Wanne wamekua, ingawa si wakubwa kama wale wa mwaka uliotangulia, nao wameshauzwa. Pesa zake zilitosha dawa za mwezi mmoja badala ya miwili.

Mchoro nimeuchora upya. Safari hii ni umbo moja la manjano lenye madoa ya kijani yasiyo na mpangilio, na rafiki zangu wanasema linafanana na mkate ulioharibika. Mwalimu aliweka vyema, ila alama mbili hakuzirudisha.

Kwa sasa kuna mayai kumi na moja chini ya kuku mwekundu wa nyanya. Leo ninapoandika ni siku ya 26, na kuku ameanza kuinukainuka kana kwamba amechoka kungoja. Kesho kabla ya kuja shule nitamwekea maji na mahindi hapo hapo karibu na kiota, asipate sababu ya kwenda mbali.